Shamba letu Lindi linatoa mawe ya ajabu kila mvua ikikatika. Niyatunzeje?

Mama Ufuta

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Nipo Lindi vijijini, upande wa Mto Mbemkuru, kwenye shamba la korosho aliloacha marehemu baba mkwe wangu. Juu ni kichanga na mikorosho imekubali. Ukiteremka kuelekea korongoni udongo unabadilika, unakuwa mwekundu, halafu wa kijivu unaoelekea ukijani, na mvua ikinyesha unanata mpaka unavua ndala unazibeba mkononi. Ufuta pale chini haustawi, nimeshaacha kuulazimisha. Mawe ndiyo yanayostawi.

Kila masika yakiisha, korongo linakuwa limekula ukingo na kuacha vitu chini. Mimi hupita asubuhi na mapema, jua likiwa bado liko chini, maana saa hizo kila kijiwe kina kivuli chake na jicho halikipiti.

Kuna mawe bapa yaliyojiviringisha, mistari yake imetoka katikati ikasambaa hadi ukingoni. Dogo kuliko yote linakaa kwenye kisahani cha kahawa. Kubwa tulilijaribu mimi na shemeji, likatushinda, tukaliacha palepale. Kuna vijiti vya mviringo vyenye ncha upande mmoja, urefu wa kidole, watoto wanaviita risasi. Kuna makombe yaliyofumbana mawili mawili, jiwe tupu, mgongoni yana vinundu vimejipanga mstari. Na bahari kutoka kwetu ni ya kupandia gari! Kuna vipande vya gogo lililogeuka jiwe, unaona nyuzi za mti na hata jicho pale tawi lilipokuwa, ukivigonganisha vinalia.

Halafu kuna mazito ya hudhurungi, nje laini, lakini palipovunjika ndani ni vitundu vidogo vingi. Hayo ndiyo yananinyima usingizi. Kuna na ya mviringo mtupu, kuanzia saizi ya ndimu hadi ya nazi. Mwisho ni meusi yenye mapovu, mazito sana, ila hayo hayatoki korongoni, yako juu kwenye miembe ya zamani.

Yote yapo barazani, mengine chini ya kitanda. Mzee wangu kasema nikiingiza jingine atahamia jikoni. Tulipojenga choo fundi alibeba mawili ya kujiviringisha akayatia kwenye msingi, nilipofika moja lilikuwa limeshafunikwa na zege. Tangu hapo fundi yeyote akija nafunga mlango wa baraza.

Sasa juzi kaja kijana na pikipiki kutoka mjini, anawauliza watoto kama wana "mayai ya mjusi". Kampa mjukuu wangu elfu mbili kwa jiwe moja la mviringo. Nilipotoka nje alishawasha chombo. Ndiyo maana naandika. Haya mawe ni nini hasa, yanasafishwaje, na sheria inasemaje kwa mtu aliyeokota kwenye shamba lake mwenyewe? Siuzi. Nataka watoto wa shule yetu waje wayaone yakiwa na majina yake.

Kijana wa Masoko

Bi mkubwa hayo meusi mazito ni kimondo hayo! Mbozi wana kimoja tu na watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kukiona. Weka picha, nina mtu wa uhakika.

Mama Ufuta

Mtu wako abaki hukohuko mwanangu. Sumaku ya spika nimeshaijaribu, inashika kidogo kidogo tu. Picha nitaweka nikipata bando la maana.

Nyundo na Lenzi

Mama shikamoo. Mimi ni mjiolojia, nipo Dodoma, na ukanda huo wa Lindi na Kilwa nimeuzunguka kwa miguu enzi za ujana. Maelezo yako ni mazuri kuliko ripoti za vijana wengi niliowasimamia.

Hayo bapa ya kujiviringisha ni amonaiti. Alikuwa mnyama wa baharini, jamaa wa pweza na ngisi, akikaa kwenye chumba cha mwisho cha gamba lake huku vyumba vya nyuma vikimsaidia kuelea. Walitoweka wote kama miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile walizotoweka dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale ambao wengi huwaita mijusi. Tafuta jiwe ambalo ngozi yake ya juu imebanduka, utaona vimistari vilivyopindapinda: ndiyo mipaka ya vyumba. "Risasi" za watoto ni belemnaiti, naye ni wa ukoo wa ngisi, na hiyo ncha ilikuwa ndani ya mwili wake, upande wa nyuma. Chukua kilichovunjika chenyewe, siyo kizima, uangalie pale palipokatika: vimistari vinatoka kitovuni kwenda nje. Tone la ndimu litatoa povu kwa sababu ni chokaa. Usirudie kwa kizuri, ndimu inakula jiwe.

Makombe yenye vinundu, kwa unavyoyaeleza na kwa mahali ulipo, karibu hakika ni Trigonia. Huko kwenu yamejaa kiasi kwamba wanajiolojia waliipa tabaka moja jina lake.

Kuhusu bahari kuwa mbali: haikuwa mbali. Kama miaka milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, pwani ilikuwa inapita maeneo ya hapo shambani kwako, leo inapanda, kesho inashuka, na kila "leo" ni maelfu kwa maelfu ya miaka. Ilipopanda ilileta mchanga wenye makombe na amonaiti. Iliporudi nyuma ikaacha tope la nchi kavu na la vinamasi, na tope hilo ndilo linakuvua ndala. Mambo hayo yalijirudia. Pale Tendaguru kuna matabaka matatu ya mifupa ya dinosaria, na kati yake yamelala ya bahari. Ndiyo sababu korongo moja linakupa ngisi na gogo asubuhi ileile.

Gogo lenyewe lililowa maji yenye silika, ile ya mchanga na kioo, ikachukua nafasi ya mbao kidogo kidogo mpaka nyuzi zote zikabaki katika umbo la jiwe. Likwaruze kwenye chupa tupu, litaacha alama.

Sasa hayo ya hudhurungi yenye vitundu. Mama, hiyo ni mifupa. Sijaiona, lakini kwa udongo huo sina kitu kingine cha kuiita. Vitundu ni sehemu ya ndani ya mfupa, ile unayonyonya ukila supu ya makongoro. Sisi porini tunagusisha ulimi pale palipovunjika: mfupa unashika ulimi, jiwe la kawaida halishiki. Si jambo la kufanya mbele ya wakwe, ila linasaidia. Uliyookota yalishang'oka, hayo basi. Lakini ukiona jingine limechomoza ukingoni, bado limezikwa, usilichokoe. Lirudishie udongo uleule na uweke alama pembeni. Mfupa uliokaa kwenye udongo ule ukipigwa jua ghafla unapasuka vipande, na ukishachokolewa kwa jembe hakuna atakayejua ulilala upande gani wala ulikuwa jirani na mfupa upi. Kwa mtafiti hiyo ni nusu ya kazi yake imepotea.

Ya mviringo si mayai. Ni chokaa au chuma iliyojikusanya ndani ya mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama, kuzunguka kitu kidogo, ikanenepa. Yule bwana wa pikipiki kalipa elfu mbili kwa tope lililoganda, mwacheni aende nalo. Wewe usiyatupe ila usiyapasue. Likipasuka lenyewe chungulia katikati, mara nyingine utakuta kombe.

Na meusi, samahani kijana wa Masoko, ni mavi ya chuma. Mapovu yale ndiyo yanakikataa kimondo, na mahali yalipo kwenye miembe ya zamani panasema mengine: hapo paliwahi kuyeyushwa chuma. Sumaku kushika kidogo ni kawaida yake. Hayo ni historia ya watu, na mimi kwa macho yangu ningeyaweka meza ya kwanza, kabla hata ya amonaiti. Amonaiti ziko dunia nzima.

Kijana wa Masoko

Sawa mkuu, kimondo kimekufa. Na vito? Ruangwa si jirani tu hapo, kuna kinywe, yale madini ya penseli, kuna vito vya kijani.

Nyundo na Lenzi

Ruangwa ni jirani kwa basi, siyo kwa miamba. Kule wamekaa juu ya miamba mikongwe iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa chini sana ardhini, na humo ndimo kinywe na vito vinapozaliwa. Kwa mama ni mashapo yaliyotuama juu, hayajapikwa. Mto ukileta kijiwe cha kijani kutoka magharibi ni bahati yake, ila asichimbe shimo kukitafuta.

Mmwera wa Mtaa wa Pili

Nyundo kayasema ya mawe, mimi niseme ya watu, maana yeye kaitaja Tendaguru akapita zake.

Mama, kilima cha Tendaguru kiko upande wenu huohuo, kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Mwaka 1906 Bernhard Sattler, mhandisi wa madini wa Kijerumani, alikuta pale mfupa mkubwa umechomoza. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo vinazimwa, vijiji vimechomwa, watu wana njaa. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin ikawaleta Werner Janensch na Edwin Hennig, uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Wakishatajwa hao wawili wengi huishia hapo. Lakini waliochimba ni babu zetu, mamia kwa mamia. Mifupa waliifunga kwa mianzi na udongo ili isivunjike, wakaibeba kichwani na mabegani hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200! Reli hakuna, gari hakuna, punda na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o.

Dinosaria mkubwa aliyeungwa kwa mifupa hiyo alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kwenda juu ni zaidi ya mita 13, na yuko pale hadi leo. Suala la kumrudisha limefika hadi bungeni kwetu. Mimi na Mjerumani tuna hesabu nyingine, tuiache.

Watoto wa shule waambie hivi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji wale aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007, karibu miaka mia moja baada ya jasho lake, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa *Wamweracaudia keranjei*. Wamwera ndio sisi. Keranje ni Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mnyama huyo. Mtoto wa kijijini kwenu akisoma hilo kwenye karatasi kando ya mfupa, hatahitaji kuambiwa kwamba sayansi ni ya nani. Liandike juu kabisa, jina la Janensch lifuate chini.

Kijana wa Masoko

Haya, na sheria ikimtaka apeleke serikalini si yataishia stoo kuliwa na panya? Bora auze mawili matatu apate bati za nyumba.

Mzee Kabati

Panya hawali mawe, kijana. Nimefanya kazi ya makumbusho hadi nimestaafu, stoo nimezishika funguo, na nyingine kweli zina hali mbaya, hilo silikatai. Lakini bora stoo mbaya yenye daftari kuliko kabati zuri la mtu wa nje ambalo hakuna Mtanzania atakayelifungua.

Sheria ni hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mifupa na mimea iliyogeuka jiwe, haijalishi imekutwa shamba la nani. Kuchimba bila kibali ni kosa. Kutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Na aliyegundua anatakiwa atoe taarifa. Madini yana sheria yake nyingine, ila wazo ni moja: shamba unalima wewe, kilichomo chini ni cha Jamhuri.

Mama hajachimba, kaokota kilichoangushwa na maji, na hauzi. Asiogope kwenda kusema. Anzia kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha Afisa Utamaduni wa halmashauri, naye barua aipeleke Idara ya Mambo ya Kale. Andika barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Nakala hiyo itunze kuliko jiwe lolote. Siku akija mtu na pikipiki akadai ameagizwa na ofisi, unamwonyesha mhuri, unamuuliza wa kwake uko wapi.

Kusafisha ni maji na mswaki mlaini uliokwisha kazi, kwa amonaiti, makombe na gogo peke yake. Mifupa usiioshe hata kidogo, ipitishie brashi kavu ya rangi. Hakuna siki, hakuna sabuni ya unga, na asije fundi seremala akakushauri vanishi ili "ing'ae". Nimeona fuvu zima lililopakwa vanishi kwa nia njema. Wataalamu walihangaika kuitoa kuliko walivyohangaika kuchimba.

Nataka nikae kidogo kwenye daftari, kwa sababu ndilo watu wanaloliona dogo. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi, mtaalamu atalisifia, atalirudisha mezani. Likiwa na maelezo atavuta kiti. Chukua kauntabuku. Kila jiwe namba yake, tarehe, aliyeokota, na mahali: siyo "korongoni" tu, andika "korongoni, ukingo wa mashariki, chini ya mbuyu, kwenye udongo wa kijivu, lilikuwa limeanguka" au "lilikuwa bado ukingoni". Simu yako, hata ya bei ndogo, ikiwa na ramani itakupa namba za mahali ulipo, nazo ziandike. Piga picha kabla hujaokota, weka sarafu ya mia kando ili ukubwa uonekane, halafu nyingine ukiwa umerudi nyuma hatua kadhaa ili korongo lionekane.

Namba juu ya jiwe usiibandike kwa karatasi, itaanguka au italiwa na mende. Paka doa dogo la rangi nyeupe ya kucha mahali pasipo na umbo, liache likauke, andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha pitisha juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi. Kwa mifupa yenye vitundu usipake. Weka kwenye boksi lake na karatasi yenye namba ndani ya mfuko wa nailoni. Vidogo viweke kwenye trei za mayai. Vyote viwe juu ya ubao, visikae sakafuni, na mzee arudi kitandani kwake.

Mama Ufuta

Asanteni sana wote, Mungu awazidishie. Mzee kasomewa hilo la mwisho, kacheka, ila kasema anataka kuona rafu kwanza.

Kwa mwenyekiti nimefika leo. Hakushangaa hata kidogo, kumbe na kwake yapo, mkewe anayawekea mlango usijifunge na upepo. Tumekubaliana barua iwe ya kijiji, siyo yangu peke yangu. Kuhusu ulimi, Nyundo, nimejaribu. Umeshika. Sitasema zaidi.

Nina maswali mawili yamebaki. Lile kubwa la kujiviringisha lililotushinda bado liko korongoni, na mvua zijazo zitalisukuma. Nalo ni la kuliacha? La pili, marehemu baba mkwe naye alikuwa anaokota. Ya kwake aliyapanga kuzunguka mtungi wa maji, mengi tu, na hakuna anayejua aliyatoa wapi. Hayo daftarini nayaandikaje?

Nyundo na Lenzi

Lile kubwa kama limeshang'oka na liko njia ya maji, lisogezeni. Kwanza picha, namba za mahali, na upime upana wake kwa utepe wa fundi cherehani. Halafu watu wanne, gunia chini, mnaliburuta hadi ukingo wa juu. Msilifunge kamba mistarini, zitameguka. Ukipata bando nitumie kwanza picha ya mfupa, huo wa ulimi, upande uliovunjika.

Mzee Kabati

Ya marehemu yape mfululizo wake, yaanze na herufi zake mwenyewe. Mahali andika: "Ndani ya shamba, mahali hapajulikani, yaliokotwa na" halafu jina lake kamili, na miaka aliyoishi hapo kama familia inaikumbuka. Usikisie. Yachanganye na mengine kwenye rafu ukipenda, ila daftarini yasichanganyike.

Na kwa kuwa hayo hayatamsaidia sana mtafiti, watoto wa shule wapewe hayo wayashike, wayageuze, wayagonganishe wasikie. Yenye maelezo kamili watayaangalia kwa macho.